Nagona imenishinda: niendelee au niirudishe?

Muuguzi_Mwanza
Wapenzi wa vitabu, habari zenu. Naomba ushauri, ila nisiambiwe tu "soma unachopenda", hilo nimeshaambiwa nyumbani.

Nasoma Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Mimi mzaliwa wa Ukerewe, na marehemu alikuwa wa kwetu, wa Namagondo. Riwaya yake Rosa Mistika niliisoma nikiwa kidato cha tatu, nikamlilia yule binti Rosa. Baba yake, Zakaria, nilimjua kabisa. Kila kijiji kina Zakaria wake. Kichwamaji, riwaya yake nyingine, niliimaliza usiku mmoja nikiwa zamu. Basi mwenzangu wa kazini aliponiazima Nagona, nilifurahi kupita kiasi.

Naisomea kwenye meli ya kwenda Nansio kumwona mama, njia nzima hakuna wa kunisumbua. Haiingii. Msimulizi anasafiri, sijui anakwenda wapi. Mara mwanafalsafa Plato, mara mwenzake Nietzsche. Nikifunga kitabu, nikija kukifungua tena sina pa kushika, maana kisa chenyewe sikioni. Na ni kijitabu chembamba, hakifiki kurasa mia! Kingekuwa kinene ningekiacha bila maneno mengi.

Ila mwandishi nampenda. Nikimwacha njiani naona kama nimemkata kauli mzee aliyenisimulia mengi mazuri huko nyuma. Ninyi mnaamuaje?

Bandari_Tanga
Dada, irudishe. Mtihani ulishapita. Mfaransa Daniel Pennac aliorodhesha haki kumi za msomaji mwaka 1992, na ya tatu ni haki ya kutomaliza kitabu. Mkutubi wa Marekani, Nancy Pearl, naye ana kanuni yake: soma kurasa 50 ndipo uamue, na ukishavuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, kinachobaki ndicho unachodaiwa. Mimi nina miaka 54, nadaiwa kurasa 46 tu. Nimeacha vitabu vingi kwa kanuni hiyo na sijajuta.

Muuguzi_Mwanza
Asante kaka. Ila kwa Nagona, kurasa 50 ni karibu kitabu kizima. Kanuni hiyo naona inafaa vile vinene.

Mwalimu_Mstaafu
Mwanangu, nimefundisha fasihi sekondari tangu ujana wangu hadi nastaafu. Nagona iliwasumbua hata walimu wenzangu, kwa hiyo usione haya.

Mimi hutenganisha mambo mawili. Kuna kitabu kinachochosha kwa sababu mwandishi hakukifanyia kazi: sentensi legelege, wahusika hawana damu, mwisho unauona toka mwanzo. Hicho kiache ukurasa wa kumi, wala usimwombe mtu radhi. Kuna kingine kinachochosha kwa kuwa tunakidai kitu ambacho hakikuahidi kutoa. Riwaya yake Gamba la Nyoka ilitoka 1979, Nagona ikaja 1990. Katikati hapo Kezilahabi alikwenda Marekani, akasomea uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin, akazama katika falsafa. Rosa Mistika unaisoma ukitaka kujua yatampata nini binti wa watu. Ukiipelekea Nagona swali hilo, haina jibu. Safari ile ni ya kuutafuta ukweli, ndiyo maana akina Plato wamo.

Usisahau pia kwamba huyu ni mshairi. Kichomi, diwani yake ya 1974, iliwaudhi wanamapokeo, yaani washairi wa kufuata kanuni za zamani, kwa kukosa vina na mizani. Isome Nagona kama unavyosoma mashairi yale: sura moja, kwa sauti, nyumbani, bila kuuliza kinachofuata. Isipokushika hata hivyo, irudishe, na Mzingile, riwaya yake nyingine, usiiguse kwa sasa, ni ndugu ya Nagona.

Kilifi_Msomaji
Kwa heshima zote Mwalimu, huyu dada anatoka zamu amechoka. Si haki kumwambia ajifunze kusoma upya ndipo afurahi. Mimi kitabu kikinishinda naacha, ila sikigawi. Kuna riwaya iliyonishinda nikiwa chuoni. Niliirudia baada ya kumzika baba yangu, nikaisoma mpaka alfajiri. Maneno yalikuwa yale yale. Kama ningejilazimisha wakati ule, ningeichukia na nisingeigusa tena.

Mwalimu_Mstaafu
Hapo nakubali. Kujilazimisha kumewaharibia wanafunzi wengi vitabu vizuri, na sisi walimu tumechangia.

Muuguzi_Mwanza
Shikamoo Mwalimu, na asanteni wote. Nimesoma sura mbili kwa sauti. Ya kwanza haikunishika. Ya pili mdogo wangu aliacha simu akaja kusikiliza, akauliza ni nani anayesema. Sikuwa na jibu, lakini tuliendelea hadi mwisho wa sura, na yeye ndiye aliyetaka tuendelee.

Hata hivyo nimeirudisha, maana mwenyewe anaihitaji na sitaki kuikimbiza. Nimemwomba Kichomi badala yake, anayo. Nikishayazoea mashairi nitaiazima Nagona tena. Mwalimu, katika Kichomi nianze na shairi lipi?

Mwalimu_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Anza na lolote lililo fupi, ulisome mara mbili kabla hujageuza ukurasa. Na mdogo wako awepo.