Tupeane uzoefu: ulipokwenda kwa mshauri nasaha, peke yako, na mwenzi wako au na familia, ilikuwaje?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, wengi wetu tunabeba mambo mazito kifuani huku tukihofia kwamba anayekwenda kwa mshauri nasaha ataonekana kachanganyikiwa. Naanza na langu. Nilipofiwa na mama nilikosa usingizi na hamu ya kula, na kila niliyemweleza alinijibu kwa wema kabisa, "Jikaze, kazi ya Mungu haina makosa." Mshauri hakunihimiza nijikaze. Aliniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, akanyamaza, na nilipolia aliniacha nilie hadi nikamaliza. Baadaye nilisoma kwamba Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kuwa mtu hubadilika anapokuwa na msikilizaji mkweli, anayemkubali bila masharti na kujitahidi kuyaona mambo kama yeye anavyoyaona, nami nikaelewa ni kwa nini vikao vile vilinisaidia. Naomba kila mwenye uzoefu aeleze kilichotendeka hasa mle ndani, maana hicho ndicho anachokihofia mtu anayesitasita.

Mchangiaji wa pili
Pole sana kwa msiba. Mimi na mume wangu tulikwenda tukiwa tumefikia hatua ya kutumiana ujumbe kupitia watoto, na kila mmoja alikuwa na mashtaka yake tayari. Mshauri alitueleza mapema kwamba yeye si hakimu wala wakili wa yeyote kati yetu. Kisha akatupa utaratibu: mmoja aseme jambo moja kwa maneno machache, na mwenzake, kabla ya kujibu, aeleze alichosikia mpaka msemaji aridhike kwamba ameeleweka. Nikasema, "Ukitoka chumbani tukiwa tunazungumza, najiona sina thamani kwako." Mume wangu akasema, "Anasema mimi ni mkorofi." Mshauri akamwomba kwa upole asikilize tena, na haikuwa rahisi, lakini hatimaye alitamka polepole, "Nikitoka, anajiona ametupwa." Ilipofika zamu yake, alieleza kwamba hutoka kwa sababu moyo humwenda mbio na huogopa kusema neno ambalo hataweza kulifuta, nami miaka yote nilikuwa nikiihesabu tabia hiyo kuwa ni dharau. Mshauri alitutajia mienendo minne ambayo mtafiti John Gottman anaihusisha na kuvunjika kwa ndoa, yaani kumshambulia mtu badala ya kusema kosa, kudharau, kujitetea kila mara na kujifungia kimya. Tukakubaliana kwamba aliyezidiwa aombe mapumziko, ataje saa atakayorudi, na arudi kweli. Ugomvi haujaisha nyumbani kwetu, ila siku hizi tunaumaliza wenyewe.

Mchangiaji wa tatu
Dada yangu, hongereni. Naomba niongeze tahadhari moja ambayo naiona ni ya lazima: palipo na kipigo au vitisho, vikao vya pamoja vinaweza kuwa hatari, kwa kuwa mtu hawezi kusema ukweli wakati anajua ataulipia akirudi nyumbani. Mshauri aliponiuliza faraghani kama niko salama, nami nikamjibu kweli, aliacha mpango wa kutukutanisha, tukaanza na usalama wangu na wa watoto.

Mchangiaji wa nne
Sisi tulimpeleka kijana wetu aliyekuwa ameacha kuzungumza na kushuka masomoni, tukitarajia arekebishwe yeye. Mshauri akaomba twende wote, pamoja na bibi yake, kisha akauliza, "Nani hapa huwa wa kwanza kujua kwamba nyumbani si shwari?" Sote tukamtazama kijana. Kumbe alikuwa akikesha akisikiliza mabishano yetu ya usiku kuhusu fedha, akiamini kwamba karo yake ndiyo chanzo. Vikao vilivyofuata vilikuwa zaidi vya sisi wazazi, na namshukuru mtaalamu yule kwa kutomwachia mtoto mzigo wa nyumba nzima.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana kwa moyo huu. Kwa walioniuliza faraghani: mnayo haki ya kumuuliza mshauri amesomea nini, anatumia njia gani na anatunzaje siri. Siri ina mipaka, kwa mfano pale ambapo uhai wa mtu uko hatarini au mtoto anadhulumiwa, na mshauri mwadilifu huieleza mipaka hiyo tangu kikao cha kwanza. Usipojisikia huru kwake baada ya kumpa nafasi, mwambie, au tafuta mwingine, kwa kuwa tafiti nyingi zinaonyesha kwamba uhusiano mwema kati ya mteja na mtaalamu huambatana na matokeo mazuri. Dawa ni suala la daktari, na wapo wanaohitaji dawa na mazungumzo kwa pamoja. Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri tarehe ya miadi. Amwambie mtu aliye karibu naye sasa hivi na wafuatane hospitali.