"Siku yao ilifika": ni imani, au tunafunika uzembe wa vyombo?

Mleta mada (Mwanza): Wanajukwaa, salaam. Chombo kikizama huku ziwani, msibani hukosi kusikia: "Mapenzi ya Mungu, siku yao ilifika." Yalisemwa kwa MV Bukoba, Mei 21, 1996. Yakasemwa tena MV Nyerere ilipopinduka Septemba 20, 2018, ikikaribia gati la Bwisya, Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Uwezo wa kivuko kile ulikuwa abiria 101.

Kumbukumbu la Torati 29:29 inasema mambo ya siri ni ya Bwana, yaliyofunuliwa ni yetu na watoto wetu, ili tuyafanye. Siku ya mtu kufa ni siri. Lakini kitabu hichohicho, 22:8, kinamwamuru anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, asije akabeba damu ya atakayeanguka. Mwenye nyumba hakuambiwa nani ataanguka. Aliambiwa ajenge ukingo, basi. Kwetu ukingo ni idadi ya abiria na jaketi okozi, na anayeupuuza amevunja amri iliyo wazi.

Mchangiaji (Nansio): Ndugu, kwa heshima, unaongea kama hujawahi kukaa na mjane. Waseba waliswaga ng'ombe wa Ayubu na kuua watumishi, na bado alisema Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Waseba hakuwataja! Hata shomoro haanguki pasipo Baba, Mathayo 10:29. Au unataka kusema Mungu alizidiwa nguvu na nahodha?

Mleta mada: Hakuzidiwa. Ila Ayubu alikuwa anasema msiba wake mwenyewe. Mjane akisema "Bwana ametwaa", mimi nanyamaza na kulia naye. Akisema aliyeuza tiketi za ziada, hapo nagoma, maana hayo maneno si yake. Msebawi naye angeruhusiwa kuyasema, huku anaondoka na ng'ombe?

Halafu soma Matendo 27. Malaika ameshamwambia Paulo hakuna atakayepoteza uhai. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, hakusema "tumeshaahidiwa, waacheni." Alimwonya akida kwamba hao wasipobaki merikebuni, hamtaokoka, na askari wakakata kamba palepale. Ahadi ile ndiyo iliyompa sauti ya kuonya.

Mchangiaji (Kirumba): Mleta mada nakuunga mkono, ila usije ukageuka ukatutwika sisi abiria. Wengi mtauliza, "mliona kimejaa, mlipanda kwa nini?" Kwa mtu wa kisiwani kuacha chombo ni kulala gatini na mtoto ana homa, au nyanya zioze. Ile sheria ya ukingo inamdai mwenye nyumba, haimdai mgeni aliyepanda darini.

Na swali langu ni kwa wachungaji mliomo humu. 29:29 tunaisikia makaburini. Hii 22:8 mmewahi kuihubiri Jumapili ya kawaida, wakati mwenye boti kakaa kiti cha mbele na sadaka yake?