Naomba ushauri: sanduku la bati, miguu ya cherehani na masinia ya zamani, nipambe vipi sebule?

MgeniIlazo:
Habari zenu wapendwa. Nimehamia Dodoma kikazi, nimepanga huku Ilazo. Sebule ni kubwa na haina kitu. Badala ya kukopa ninunue makabati mapya, nimekuwa nikipita Majengo na Sabasaba kwa wauza vitu vilivyotumika, na nimepata vitu ninavyovipenda kweli.

Kuna sanduku la bati kama yale ya bweni, kifuniko kina maua mekundu yaliyochorwa kwa mkono, bawaba zimeshika kutu. Kuna miguu ya chuma ya cherehani ya kukanyaga, kichwa na meza havipo. Kuna masinia ya enameli, meupe yenye ukingo wa bluu, moja limebanduka pembeni. Na kibuyu kikubwa cha maziwa.

Mwenye nyumba hataki misumari ukutani, na vumbi la huku mnalijua. Rafiki yangu anasema nipulizie vyote rangi ya dhahabu vifanane. Moyo unasita. Mnanishauri nini?

FundiMakole:
Karibu Dodoma dada. Hiyo miguu ya cherehani ndiyo mali uliyopata, usiifiche. Sugua kwa brashi ya waya, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, acha ikauke juani. Nenda kwa mafundi seremala uulize kipande cha mbao ngumu kilichobaki, mninga ukipata ni vizuri zaidi. Ubao uwe mpana kuliko miguu kidogo kila upande, skrubu ziingie kwa chini ili juu pabaki safi. Kikanyagio kifunge kwa waya kisicheze, watoto hubanwa vidole pale. Hapo una meza ya pembeni ya kukaa miaka.

MamaKikuyu:
Mwanangu, dhahabu hapana. Yale maua yalichorwa na mkono wa mtu, ukiyafunika umenunua bati tupu.

Bawaba zilowekee kitambaa chenye siki usiku kucha, asubuhi sugua, suuza, kisha ukaushe hapo hapo. Maji ya huku yana chumvi, ukiyaacha yakauke yenyewe yanaacha madoa meupe. Malizia na tone la mafuta ya cherehani. Na tafadhali usipige msasa mkavu kwenye rangi ya zamani. Rangi nyingi za kale zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ukilazimika, lowesha msasa, fanyia nje, vaa barakoa.

Nkuhungu_Boy:
Mimi napingana kidogo na mama, kwa heshima. Kwenye maua sawa, ila chuma kitupu kinahitaji rangi. Masika yakifika, miguu ikikaa barazani bila kinga, kutu inarudi. Paka kwanza ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ikikauka weka nyeusi isiyong'aa. Urembo wa chuma kile uko kwenye umbo lake, rangi haiupunguzi.

MamaKikuyu:
Kwa chuma nakubali, mwanangu.

BintiKongwa:
Naomba nisemee kibuyu. Kwetu Ugogoni kibuyu cha maziwa kinatunzwa, kinatiwa moshi ndani ili maziwa yawe na harufu nzuri. Ukikiweka puani utausikia bado. Usikipake chochote zaidi ya mafuta kidogo kwa kitambaa laini, ngozi yake itarudi kung'aa. Kabla hujakiingiza ndani, kianike na ukipige chini taratibu. Ukiona unga unamwagika, kuna bungua.

Kisha tia masuke ya mtama na uwele yaliyokauka, na mabua yake marefu. Wakati wa mavuno vijijini utayapata kwa bei ndogo sana. Hayahitaji maji, na vumbi unalikung'uta nje tu.

MgeniIlazo:
Asanteni mno, nimefarijika. Dhahabu nimeiacha. Masinia je, bila msumari?

BintiKongwa:
Yaegemeze ukutani juu ya meza ya cherehani, kubwa nyuma, dogo mbele. Lililobanduka liweke chini ya vyungu vya mshubiri, ila maji yasituame, mbu wapo. Usilipakulie chakula tena, vipande vya enameli hubanduka vikaingia kwenye chakula.

MgeniIlazo:
Nimeelewa. La mwisho, nataka sanduku liwe meza ya katikati na maua yaonekane. Inawezekana?

FundiMakole:
Inawezekana. Pima kifuniko, mwambie fundi vioo akukatie kioo cha milimita 6 na asage kingo zote. Weka vipira vidogo kwenye pembe ili kioo kisiguse rangi. Ukiweka chini miguu mifupi ya mbao, maji ya kudeki hayatafika kwenye bati. Ndani weka mashuka, na kila ukitaka kufungua toa kioo kwanza, kisiteleze.

MgeniIlazo:
Jumamosi nampelekea fundi vioo vipimo. Nitaweka picha hapa.