Mjadala: Spea juu ya boneti ya Land Rover kuukuu mjini Mombasa, ibaki au ishushwe?

Mwenye Series III, Tudor

Asalaam aleikum wenzangu. Gari langu ni Land Rover Series III, ile fupi ya inchi 88, niliyoachiwa na marehemu babangu. Tangu nipate akili spea yake, yaani gurudumu la akiba, iko juu ya boneti, na miaka yote hiyo nimeipenda pale. Leo naleta hoja hii: kwa barabara za mji wetu, spea haifai kukaa pale. Tuishushe sisi wenyewe, tusingoje kuamrishwa.

Wiki mbili nyuma, saa moja kasoro asubuhi, nilikuwa Kisauni kwenye tuta mbele ya shule, foleni haisongi. Matatu ya mbele ikajivuta kidogo, nami nikaanza kuachia klachi. Mama mmoja muuza mahamri akapiga ukelele na kulipiga bati la gari kwa kiganja. Nikakanyaga breki. Upande wa kushoto wa bampa akachomoza mtoto wa chekechea, mkoba mgongoni, chupa ya maji ya buluu imening'inia shingoni. Hakuwa na habari. Alivuka akaenda zake. Mimi miguu ilitetemeka mpaka nikavuka daraja la Nyali.

Jumapili nikaamua kupima. Niliweka ndoo juu ya stuli ikafika kimo cha mita moja, mke wangu akawa anaisogeza, nami nimekaa kwenye usukani kama kawaida. Spea ikiwa imetolewa, ukingo wa ndoo niliuona ikiwa nusu mita tu kutoka bampa. Tulipoirudisha spea, ndoo ilipotea yote, ikabidi isogezwe hadi mita moja na nusu ndipo nikaiona. Na haikupotea kila upande, ilipotea kushoto. Usukani wetu uko kulia na tunaendesha kushoto, kwa hivyo lile gurudumu limekaa baina ya jicho la dereva na ukingo wa barabara, palepale tunapowafunza watoto wasimame wakingoja kuvuka.

Mwenye 109, Changamwe

Waaleikum salaam. Pole kwa mshtuko, na alhamdulillahi mtoto yu mzima. Lakini mimi nina 109, ile Land Rover ndefu ya inchi 109, na hoja yako siikubali.

Gari hizi zilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 zilikuwa za shamba na kazi. Nyuma ni pa mizigo, na kiwanda chenyewe kilitoa nafasi ya spea kwenye boneti. Upate pancha ndani ya Tsavo, nyuma umejaza maji, hema na madebe ya mafuta: spea ya boneti unaishusha bila kupakua hata kikombe. Jeshi la Uingereza lilizitumia hivyo hivyo miaka na miaka.

Halafu kuna wizi. Mimi nilishaihamishia mlango wa nyuma. Usiku mmoja kwenye foleni ya feri Likoni, nilipofika ng'ambo nikashuka kuangalia, nikakuta mlango mtupu. Gurudumu zima, na rimu yake. Ya boneti naitazama saa zote. Dereva mwangalifu atainuka kitini achungulie, atapiga honi, atangoja. Kosa la jicho tusilitupie gari.

Dereva wa matatu, Mtwapa

Hizo Land Rover mjini ni chache mno. Malori ya bandarini hayaoni kitu mbele ya bampa na yako mamia kwa mamia. Anzeni huko.

Mwenye Series III, Tudor

Ndugu yangu wa Mtwapa, malori mengi ya Kijapani yana kile kioo kidogo cha mviringo kinachotazama chini mbele ya bampa. Lililo nacho lina pa kuangalia. Gari langu halina. Na yule mtoto hakuwa mbele ya lori, alikuwa mbele yangu.

Fundi bati, Mwembe Tayari

Wazee wangu, nyinyi mwaangalia juu ya tairi. Mimi kazi yangu ni chini yake.

Boneti hizo ni za alumini, kama sehemu kubwa ya bodi, kwa sababu baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kule Uingereza kilikuwa cha mgao. Kibano cha spea ni cha chuma. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo iliwayo, na hapa kwetu upepo wa bahari watosha, si lazima gari liguse maji. Mwezi jana niliinua spea ya mteja mmoja. Kile kisahani cha duara inamokaa kilikuwa kimeshika maji ya masika, mchanga, na majani ya mwarobaini yaliyooza. Nilipofuta nikakuta unga mweupe umezunguka kibano. Niligusa kwa ncha ya bisibisi, sikusukuma, ikapita. Kwenye tundu lile niliuona mfuniko wa injini. Na juu boneti ilikuwa imepakwa rangi mwaka huohuo, yang'aa.

Wapo pia wanaonunua kibano na kukifunga kwenye boneti ya kawaida, isiyo na kisahani wala mbavu za kuikaza kwa chini. Matundu, bolti, basi. Ikipita miezi ya makorongo ya Kwale bati lachanika kuanzia kwenye matundu, na mwenyewe huja kwangu akidhani ni ubovu wa gari.

Gurudumu la saizi ya 7.50-16 na rimu yake ni kama kilo 30. Kila ukiangalia oili wainua boneti na kilo hizo, kisha waiegemeza kwenye fimbo moja nyembamba. Ikichomoka, kichwa chako kiko chini yake.

Na tairi lenyewe, chini lapata joto la injini, juu jua la Mombasa kutwa. Someni zile tarakimu nne ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Wengi mwabeba mpira uliokwisha kufa, una mipasuko ya kuingia ukucha, na ndio mwautegemea Tsavo.

Mlango wa nyuma nao siusifu, ule uzani wauchana kwenye bawaba. Dawa ni mkono wa chuma wenye bawaba zake, umefungwa kwenye chesi, ile fremu ya chini ya gari, si mlangoni. Waufungua mkono kwanza, kisha mlango. Weka nati moja ya kufuli, na huyo mwizi wa kwenye feri atapata kazi.

Mwalimu wa chekechea, Likoni

Mimi gari sina, lakini watoto ninao arobaini kasoro. Bwana wa Changamwe asema dereva atachungulia. Mtoto wa miaka minne hasimami wima akingoja kuchunguliwa, kaka yangu. Ndala imemtoka, ameinama. Kaona kifuniko cha soda, ameinama. Hiyo ndoo ya mita moja ni mtoto aliyenyooka; mwenzangu wa Tudor apime tena na ndoo peke yake, bila stuli. Na kwenye feri twashuka miguu na magari pamoja, bega kwa bampa. Pale hakuna nafasi ya kupiga honi na kungoja, watu wote wanasukumana wafike kazini.

Mwenye Series III, Tudor

Ahsante Mwalimu, nimepima. Bila stuli, hata spea ikiwa imeshushwa, ndoo haionekani mpaka iwe mbali hatua kadhaa. Na spea ikiwa juu, nilimwambia mke wangu aache kusogeza, tulikuwa tumefika ukutani.

Kwa Tsavo nakubaliana na kaka wa Changamwe, mwituni spea ina haki yake juu. Basi kibano kibaki, siku ya safari uipandishe, ukirudi Mariakani uishushe. Yangu kwa sasa nimeilaza nyuma, nimeifunga kwa mkanda isije ikaruka nikipiga breki. Imekula nusu ya nafasi, ni kweli, na kwa gari fupi kama langu hilo laniuma kila nikienda sokoni Kongowea. Naona afadhali kuumwa huko.

Na Fundi, unga mweupe nimeukuta. Nitakuja Jumatano.

Mwenye 109, Changamwe

Nimetoka nje alfajiri na stuli na ndoo ya mjukuu wangu. Sikumwambia mtu. Mita moja na nusu umesema. Kwangu ni karibu mbili, nafikiri ni kwa sababu tairi zangu ni pana na kiti changu kimelegea.

Kulazimishwa bado sikutaki, na spea kuiweka nyuma bila kufuli sitaiweka. Fundi, huo mkono wa chesi unaingia kwenye 109 yenye ndoano ya kuvutia trela, au ndoano itabidi itolewe?

Fundi bati, Mwembe Tayari

Ndoano yabaki. Mkono nitaupitisha juu yake. Lilete gari likiwa tupu, na hiyo spea usiishushe peke yako, mzee wangu, nitakuja na kijana tuishushe pamoja.