Asilimia 97! Amechomoa kompyuta ikipakia video ya HD ili APIGE PASI SHATI

NyarDunga ameandika, Ijumaa usiku:

Niacheni niseme, nisipoandika nitapasuka. Watu wa Kisumu mnamjua. Yule wa saiba, duka la intaneti, ya ngazi za kijani, bango lina picha ya duma anakimbia, eti ndivyo intaneti yake inavyokimbia. Simtaji na sina haja. Kila mtu aliyewahi kuchapisha barua ya kazi upande ule wa mji ameshalia mbele ya kaunta yake.

Amechomoa waya. Asilimia tisini na saba, amechomoa waya wa kompyuta ukutani, akachomeka pasi.

Sasa sikilizeni. Kwaya yetu imerekodi Dunga, ufukweni mwa ziwa, alfajiri, maji yametulia, mitumbwi ya omena inarudi. Dakika 42, HD kamili ya 1080. Nimefika kwake saa tatu asubuhi na flashi yenye faili ya GB 3.8. Bango linasema kasi ni Mbps 20. Mbps 20 ni za kushusha, jamani! Kupandisha anakupa 1. Moja! Kwa hiyo hesabu niliifanya mwenyewe kwenye karatasi: muda wa saa nane na dakika ishirini na kitu. Nikasema sawa. Nikalipia chai, nikakaa. Kile kiti kina mguu mfupi, nimekaa kama mtu aliye kwenye mtumbwi unaozama, kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Sikuomba kitu. Sikwenda hata msalani, niliogopa mtu akalie kiti. Nimeona asilimia 10, nimeona 38, saa saba mchana nikaona 47 nikamshukuru Mungu. Wateja wameingia wametoka, mtoto mmoja ameingia darasa la nne naamini ametoka yuko kidato cha pili. Saa kumi na moja na dakika tisa: 97. Zimebaki dakika kumi na tano. Kumi na tano! Kumaliza mapema hivyo nilikuwa nimepanga, kwa sababu YouTube ikishapokea video huanza kuonyesha ile ya ukungu, HD huja baadaye ikishachakatwa, na kwaya nzima nimewaambia wafungue simu saa moja usiku. Mwana wa mzee wetu wa nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, yuko Qatar, amebadilishana zamu na mwenzake ili amwone babake.

Ndipo huyo mtu akainuka na shati la bluu mkononi. Akaangalia ukuta. Soketi ni mbili, moja ina friji ya soda. Nikasema, "Kaka, tafadhali, zimebaki asilimia tatu." Akanitazama machoni, mkono ukiwa tayari kwenye plagi, akasema:

"Kwani video yako inaenda Marekani kwa miguu?"

Akachomoa.

Friji ya soda hakuigusa. Soda zimebaki baridi.

Kisha akapiga pasi. Mbele yangu. Kola kwanza, halafu mikono, taratibu, anarusha maji kwa vidole kama padri. Alipomaliza akanidai shilingi 490, shilingi moja kwa dakika, hata dakika aliyochomoa ameihesabu.

Niambieni kama mimi ndiye mbaya.

---

Omera_Kondele:

Yawa! Duma ninamjua huyo. Mwaka jana nilimpa kitambulisho atoe kopi, akatoa kopi ya upande mmoja mara mbili. Nilipouliza akasema nigeuze mwenyewe.

Mwalimu wa Maseno:

Dada pole, lakini kuna jambo. YouTube hukuruhusu kuendelea pale ulipokatikia, ndani ya saa 24, ukichagua faili ileile. Hukupoteza kila kitu. Rudi uendelee.

NyarDunga:

Mwalimu, NAJUA. Unadhani sijui? Nilithibitisha akaunti kwa simu wiki iliyopita maana bila hivyo hukubali zaidi ya dakika 15. Nilimwambia awashe niendelee. Akasema anafunga, shati ni la mazishi, anaenda Ahero, atarudi Jumatatu. Akatusukuma nje, akashusha mlango wa chuma. Flashi yangu bado imechomekwa humo ndani. Naiona kwenye upenyo wa dirisha, taa haiwaki. Kadi ya kamera ilikuwa ya kukodi, imesharudi kwa mwenyewe na imefutwa.

Saa 24 zitaishia kesho jioni nikichungulia dirishani.

Kijana_Milimani:

Subiri. Mtu alikuwa anaenda KUZIKA na wewe unamlilia shati?

NyarDunga:

Mazishi ni kesho! Shati lingengoja robo saa! Marehemu hangeuliza kola imenyooka vipi!

Shemeji wa Kakamega:

😂😂😂 "Inaenda Marekani kwa miguu." Samahani dada lakini huyo mtu ana kipaji.

Mama Brayo:

Mimi nauliza tu. Dakika 42 mnaimba nini? Video ya kwanza kabisa kupandishwa YouTube, Aprili 23, 2005, ilikuwa sekunde 19. Kijana amesimama mbele ya tembo kule San Diego, amesema maneno mawili matatu, ameondoka. Hakuna aliyechomolewa waya.

NyarDunga:

Na ilikuwa HD? Hata HD yenyewe walianza 2008, wakafika 1080 mwaka 2009. Msinifundishe!

Bonde la Ufa:

Mimi niko Nakuru na ninasema una bahati, angalau wewe ulimwona aliyechomoa. Caretaker wa ploti yetu huzima waifai ya jengo zima saa tatu usiku kwa sababu yeye analala saa tatu usiku. Anasema mwanga wa rauta unamsumbua. Rauta iko chumbani kwake! Na tunalipa wote! Juzi nilikuwa asilimia 88.

NyarDunga:

88 si 97.

Bonde la Ufa:

Ni maumivu yaleyale.

NyarDunga:

SI yaleyale. Wewe umezimiwa na mtu aliyelala. Mimi nimetazamwa machoni.

Fundi Kamera Bungoma:

Ushauri wa kitaalamu bila matusi. Ungepunguza iwe 720, kwa Mbps 5 dakika 42 ni kama GB 1.6 tu. Ndani ya muda wa saa tatu na nusu umemaliza, uko nyumbani unakula. Watu wanatazama kwa simu, hawaoni tofauti.

NyarDunga:

Fundi, wewe umewahi kutazama mkono wa mpiga nyatiti? Nyuzi nane. Kwenye 1080 unauona kila uzi unatetemeka peke yake, unaona oduong'o, ile pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, inavyogonga ubao, na gara, njuga za mguuni, zinaruka. Mzee ana miaka mingi kuliko sisi wote hapa. Nilisogeza kamera karibu mpaka ukungu wa ziwa ukaonekana umekaa kwenye nyusi zake. Ukipunguza, zile nyuzi zinageuka bendi moja ya uji. Mwanawe hajamwona tangu aende Qatar. Nimtumie uji?

Fundi Kamera Bungoma:

Hapo umenipata. Nimenyamaza.

Shemeji wa Kakamega:

Fundi usinyamaze, wewe nakujua! Harusi ya dada yangu ulichukua kwa kamera mbili, ukatuletea video imepitia WhatsApp. Bwana harusi hana pua. Tulilipia HD tukapewa kivuli cha bwana harusi.

Fundi Kamera Bungoma:

Shemeji, mliomba niwatumie kwa WhatsApp. WhatsApp hubana video. Niliwaambia leteni flashi. Na salio bado hamjamaliza.

Shemeji wa Kakamega:

Salio la bwana harusi asiye na pua?

Omera_Kondele:

😂😂 Nyar, uzi wako umepata wageni.

Mtoto wa Busia:

Bora ninyi mna adui mnayemjua. Mimi nilikuwa napakia ngoma ya kijiji Agosti 25, 2023, ile siku nchi nzima iliingia gizani. Asilimia 91. Kuanzia Busia mpaka Mombasa giza. Nani nimlaumu? Nilikaa gizani nikijua Kenya yote imenichomoa.

Mama Brayo:

Huyu ameshinda. Nchi nzima.

NyarDunga:

HAJASHINDA. Hakuna aliyemwangalia machoni! Narudia kwa sababu naona watu wanapita tu: nilisema "tafadhali," nikasema "kaka," mkono wake ulikuwa kwenye plagi, na friji ya soda ilikuwa PALE PALE kando yake. Angechomoa friji! Soda ingepata joto dakika kumi na tano, nani angekufa?

Mwalimu wa Maseno:

Kitu kinachonisikitisha ni hizo Mbps 1. Kebo za baharini zimefika Mombasa tangu 2009, tukaambiwa sasa mambo ni kasi. Miaka yote hii mtu anatangaza kasi ya kushusha kwa herufi kubwa, ya kupandisha hata kwa herufi ndogo haandiki. Mtu wa kutazama anabebwa, mtu wa kutengeneza anatembea.

Kijana_Milimani:

Anatembea mpaka Marekani 😂

NyarDunga:

Wewe kijana.

Baba Pendo:

Naomba kuuliza kuhusu hiyo pasi. Ni ya stima ya kawaida au ya mvuke? Maana pasi inakula tokeni za stima vibaya. Mtu wa saiba mwenye akili hawezi kupiga pasi ya stima kazini.

Mama Brayo:

Ndiyo maana anapiga kazini, Baba Pendo. Nyumbani tokeni ni zake. Kazini tokeni ni za wateja.

Baba Pendo:

Haya, hapo nimeelewa. Mimi nilishahamia ya makaa. Shati la Jumapili napiga kwa makaa yaliyobaki ya kupikia chai, sinunui kitu.

Shemeji wa Kakamega:

Ya makaa huacha masizi kwenye shati jeupe.

Baba Pendo:

Huacha masizi kwa asiyejua. Unafuta chini kwa kitambaa kibichi, halafu unapaka nta ya mshumaa. Inateleza kama samaki.

Bonde la Ufa:

Hizo bado zinauzwa? Nakuru sijaziona muda mrefu.

Omera_Kondele:

Soko la Kibuye, hapa Kisumu, zipo. Nenda Jumapili, upande wa mafundi wa majiko. Usinunue ile nyepesi, shika kwanza mkononi, ile nzito ndiyo ya maana. Kifungo chake kiwe kile chenye kichwa cha jogoo.

Mama Brayo:

Cha jogoo ndicho hasa. Mamangu alikuwa nayo mpaka amekufa.

Baba Pendo:

Mwambie fundi aiwashe mbele yako. Kama moshi unatokea kwenye mshikio, rudisha.

Bonde la Ufa:

Ninakuja Kisumu wiki ijayo, nitachukua mbili. Moja nitampa caretaker, labda akipiga pasi atachelewa kulala.

Mtoto wa Busia:

Nichukulie na mimi, nitatuma pesa.

NyarDunga:

Mnanunua pasi.

Kwenye uzi wangu. Mnanunua PASI.

Omera_Kondele:

Nyar, pole, tumejisahau. Wewe nikuwekee ya jogoo au ya kawaida?