Seti nzima au vitu mchanganyiko kwa fleti ya vyumba viwili?

Mkaazi_Kilimani
Asalaam alaykum jamani. Nahamia fleti ya vyumba viwili Kilimani, Unguja, ghorofa ya tatu, ngazi tu, hakuna lifti. Ukumbi ni mita 3.4 kwa 4.6, mlango sm 80 fremu kwa fremu, madirisha mawili yanatazama upande wa bahari. Chumba kikubwa ni futi 11 kwa 12. Vilivyopo tayari ni kitanda cha samadari (cha kale, kirefu kwenda juu, miguu ya kukerezwa) cha futi 5 kwa 6 na sanduku la njumu za shaba, vyote vya urithi, haviuzwi.

Swali: ninunue seti ya sofa 3-2-1-1 (la watatu, la wawili na viti viwili vya mtu mmoja) pamoja na kabati la milango minne, meza ya kioo cha kujitazamia na vimeza viwili vya kitandani, vyote vya emdiefu (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) rangi moja? Au nichanganye, vyengine nichongeshe kwa fundi? Naambiwa vitu mchanganyiko vinaonekana vya kuokoteza. Naomba vipimo, "inategemea" nimeshaisikia sana.

Randa_na_Msasa
Waalaykum salaam ndugu yangu. Anza na futi kamba kabla ya rangi. Sofa la watatu huwa na urefu wa sm 200 hadi 220 na kina cha sm 90. Ukiliweka ukuta mrefu na la wawili likatazamana nalo, kina cha yote mawili ni sm 180, katika 340 zimebaki 160. Meza ya sm 60 na sm 40 za magoti kila upande ni 140. Umebakiwa na sm 20, na vile viti viwili vya mtu mmoja havijaingia bado. Vitakwenda mlangoni. Seti ya 3-2-1-1 imekusudiwa ukumbi mkubwa kuliko wako.

Chukua la watatu moja na viti viwili vya mbao vyenye mito, miguu yao iwe wazi chini ili sakafu ionekane. Hapo umeshachanganya na hakuna atakayesema umeokoteza, kwa sharti la vimo. Kinachofanya ukumbi uonekane wa kuokoteza ni kiti kimoja kuwa sm 38 kutoka chini na mwenzake sm 48, watu wakikaa mmoja anamtazama mwengine kama yuko kisimani. Vyote viwe 43 hadi 45, mto ukiwa umekaliwa. Meza ya kati 40 hadi 43. Mikono ya viti na ya sofa isipishane zaidi ya sm 5.

La pili ni mbao. Usizidishe rangi mbili za mbao katika chumba kimoja, na ujue kwamba mbao hazibaki na rangi uliyonunulia. Mvule huanza manjano ukaishia hudhurungi. Mfenesi ni manjano kabisa siku ya kwanza, kisha hukoza kuelekea wekundu wa kahawia. Mninga wenyewe hutofautiana gogo kwa gogo, kuna wa dhahabu na kuna mwekundu. Kwa hiyo ukichongesha viti mwaka huu na meza mwaka ujao "ya mninga ule ule", usitegemee vifanane. Ama uchongeshe siku moja kutoka fungu moja la mbao, ama uache tofauti iwe kubwa na ya makusudi: kiti cheusi karibu na meza ya dhahabu kinapendeza, lakini rangi mbili zinazokaribiana bila kufikiana huonekana kosa la fundi.

Rangi ijaribiwe kwenye kipande cha mbao ile ile, si cha plaiwudi. Na vyote vipigwe msasa hadi namba ile ile, tuseme 120 kisha 180. Kiti kilichoishia 120 hunywa rangi zaidi ya kilichoishia 220 na hutoka cheusi zaidi, hata kopo likiwa moja.

Bint_Mtambwe
Mimi nahofia hiyo emdiefu na madirisha ya baharini. Emdiefu na chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) adui yao ni maji ya kupigia deki. Huingia kwenye ncha ya chini iliyokatwa bila kufunikwa, ubao unavimba kama mkate uliotiwa chai, na ukishavimba haurudi. Chipubodi ndiyo mbaya zaidi. Hapo ndipo seti inapokutia hasarani: umeharibikiwa na kabati tu, ukirudi dukani toleo lile halipo tena, na vitu vinne vilivyobaki vinaonekana yatima.

Kama lazima ununue emdiefu, ivae miguu ya plastiki au ya mbao ya sm 8 hadi 10, na ncha zote za chini zipakwe vanishi mara mbili kabla ya kupandishwa juu. Ukutani acha upenyo wa sm 5. Wakati wa masika, kabati lililobanwa na ukuta hufanya ukungu mgongoni na nguo zikanuka. Bawaba ziwe stenlesi au shaba. Za chuma cha kawaida upepo wa chumvi unazila, na skrubu ikishalegea ndani ya emdiefu haikazi tena mpaka uhamishe tundu.

Kwa fundi nako kuna mtego. Kagua kama ametumia kiini cha mti au ile sehemu nyeupe ya nje. Hiyo nyeupe dumuzi, wadudu watoboao mbao, huipenda hata kwenye mninga. Ukiona unga laini chini ya mguu na vitundu vya ncha ya sindano, ndio wameshaingia.

Mtu_wa_Shangani
Naomba nitofautiane kidogo na wenzangu: chumbani seti ina faida yake. Kabati na meza ya kioo husimama ukuta mmoja, jicho linaziona kwa pamoja, na milango mikubwa iliyo bapa ikiwa na rangi mbili inasumbua. Hizo mbili zifanane. Vimeza vya kitandani viache nje ya seti.

Lakini si kabati la milango minne. Futi 11 ni sm 335. Toa samadari sm 195 na fremu zake, toa kabati sm 60, zimebaki 80. Mlango wa sm 50 ukifunguka umeachiwa sm 30, hupiti. Ama milango mitatu myembamba ya sm 40, ama ya kusukuma yenye magurudumu ya nailoni. Na lije vipande vipande: kabati la kimo cha sm 220 likiinuliwa kutoka sakafuni hupita kwenye sm 228, feni ikiwa chini utaivunja.

Kuhusu hilo la kuokoteza, majumba ya Mji Mkongwe hayakuwa na seti. Masanduku yalitoka India, viti vya mbao ya kupinda vikatoka Ulaya, sahani za Kichina zikapangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Vyumba vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko haziruhusu upana mkubwa, ndivyo vilivyoviunganisha, pamoja na ukuta mweupe wa chokaa. Rangi moja ya ukuta na pazia la namna moja hufanya kazi kuliko seti.

Mkaazi_Kilimani
Ahsanteni sana. Nimeshaiacha 3-2-1-1. Yamebaki mawili. Samadari ni refu, godoro lake liko sm 78 kutoka chini. Vimeza gani? Na kitambaa cha sofa na mito ya viti ninunue kiasi gani?

Randa_na_Msasa
Vimeza vya duka huwa sm 50 hivi, taa itakuwa chini ya ubavu wako. Uso wa kimeza ulingane na godoro, tofauti isizidi sm 5, kwa hiyo chongesha vya sm 75, vyembamba, 40 kwa 40. Usiige miguu ya samadari, ukerezaji wa leo karibu na wa zamani utaonekana bandia. Mguu ulionyooka, rangi nyeusi. Sanduku liweke mguuni pa kitanda tu kama njia ya kabati inaruhusu. Kwa vipimo vyako hairuhusu, lipeleke ukumbini chini ya dirisha, ulikinge na jua la moja kwa moja.

Kitambaa cha upana wa mita 1.4: sofa la watatu hula mita 12 hadi 14, mito ya viti viwili mita 3 ikiwa ya kukalia na ya kuegemea. Ongeza 2 za akiba, na zote zikatwe kwenye jora moja, kwa sababu jora la pili hata likiwa na namba ile ile rangi yake huweza kupishana. Cha maua makubwa ongeza mita 2 nyengine ili maua yakutane. Sponji ya kukalia isiwe chini ya kilo 28 kwa mita ya ujazo, la sivyo itabonyea na zile sm 43 zako zitakuwa 38.

Bint_Mtambwe
Na kabla fundi hajaanza sofa, mwambie miguu na mikono ifungwe kwa bolti. Mlango wa sm 80 na kina cha sm 90, likiwa zima halipiti.