Usafi wa Jumamosi kwa faini: tuendelee nao au turudi kwenye msaragambo?

Mleta mada, Ngamiani

Wadau wa Tanga, habari za leo. Naleta hili mbele yenu kwa sababu limenikaa kooni tangu Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita.

Utaratibu mnaujua. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru ziliachwa, nchi nzima ikashika mafagio. Baadaye tukapewa Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi. Hapa mtaani kwetu (siutaji, wenyewe mtajijua) imekuja na nyongeza mbili: maduka na magenge yafungwe hadi saa nne asubuhi, na asiyetii alipe faini.

Sasa nieleze nilichokiona. Pale kona kuna mama anauza mbaazi za nazi na mahamri. Huamka saa tisa usiku. Saa moja na nusu sufuria iko jikoni, tui limeshika, na wateja wake ni wabeba mizigo na vijana wa bodaboda, ambao saa mbili na nusu huwaoni tena. Wakaja watu wawili wamevaa kofia. "Mama, zima moto." Akazima. Akafunika sufuria kwa sinia, akakalia ndoo yake. Mwenye duka jirani alishusha mlango wa chuma nusu, akaingia ndani na simu yake. Kinyozi vilevile. Hakuna aliyeinama kuokota hata kizibo cha soda. Saa nne milango ikapandishwa na mtaa ni uleule wa jana. Mbaazi ndizo zilizobadilika, zimeganda.

Tuliofanya kazi ndio tuliochekesha zaidi. Vijana sita tulizibua mtaro kuanzia kona hadi kwenye kalavati. Tukatoa tope, chupa, makumbi ya nazi, kiatu kimoja cha mtoto. Tukalilundika pembeni kama kawaida, tukinuka wote. Gari la kuzoa halikuja. Jumanne mvua ikanyesha, tope likarudi nyumbani kwao.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: faini ife, na kufunga biashara kufe. Kila nyumba ipewe kipande chake cha mtaro, ukuta hadi ukuta, ikishughulikie siku inayoipenda, kidogo kidogo. Penye mzee au mgonjwa, jirani achukue. Ndugu zetu wa Usambaa na Upare wana msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji: mtu anatoka na jembe lake kwa sababu aibu ya kubaki ndani ni nzito kuliko faini. Leteni hoja. Matusi pelekeni kwingine.

Mstaafu, Chumbageni

Mwanangu, msaragambo wewe umeusikia, mimi nimeulimia. Nimezaliwa Upareni. Usidhani ulikuwa hiari tupu. Asiyetoka kuchimba mfereji alikuwa na kesi na wazee, na zamu yake ya maji ikifika anaweza kukuta pamefungwa. Faini ilikuwapo, ila haikuandikwa kwenye stakabadhi.

Halafu nikukumbushe jambo ambalo vijana hamlitaji. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio. Kikundi chetu kilikaa chini ya mwembe, redio moja, mtu mmoja ameshika kitabu anatusomea. Kipindi kikiisha tunajadili: kwa nini choo, kwa nini nyasi zikatwe, kwa nini maji yachemshwe. Kisha tunakwenda kuchimba. Watakwambia ilikuwa hiari. Ndiyo, lakini balozi wa nyumba kumi alikuwa anapita, na balozi wa siku zile hukumjibu ovyo.

Kilichopotea ni yale maelezo ya kwanza. Sisi tulielezwa sababu ndipo tukashika majembe. Mama wa mbaazi ameambiwa azime moto, basi.

Mhudumu wa afya, Mabawa

Mzee shikamoo. Naomba niseme la kitaalamu kidogo, mtanisamehe nikirefusha.

Mnabishana faini au hiari, mimi nagombana na neno "mwezi". Mwaka 2019 homa ya dengi ilipoishika Dar es Salaam, Tanga nasi hatukusalimika. Mbu wake, Aedes, si yule wa malaria. Huyu huuma mchana. Na hana haja sana na huo mtaro wenu mchafu, anataka maji masafi yaliyotuama: tairi bovu, kopo la rangi, sahani iliyo chini ya chungu cha maua, na hasa hasa kifuu cha nazi kilichotupwa nyuma ya jiko.

Kwa joto letu, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 10 hivi. Pigeni hesabu. Ukisafisha mara moja kwa mwezi, umempa nafasi ya kutoa mbu wapya mara tatu kabla hujarudi. Na ukimwaga maji tu bado hujamaliza, kwa sababu mayai yake hubandikwa kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri vuli. Chombo kisuguliwe.

Mji huu haupiki bila nazi, tuseme kweli. Nyumba inayokuna nazi mbili kwa siku inatoa vifuu vinne. Kwa mwezi ni 120. Nimeingia nyua nyingi kwa kazi yangu: mbele pamefagiwa mpaka unaona mistari ya ufagio, nyuma vifuu vimekaa kinywa juu kama bakuli za futari. Kuna bibi mmoja hapa kwetu hukifunika kila kifuu kinywa chini pale pale anapomaliza kukuna, kikikauka anakiwashia moto. Hajahudhuria semina yoyote.

Mtaro nao msiudharau. Maji yake machafu ni makao ya mbu mwingine, Culex, anayeeneza matende na mabusha, na pwani hii tunajua yalivyowatesa wazee wetu. Lakini kote kuwili, mwezi mzima ni mbali mno. Iwe wiki.

Mpangaji, Makorora

Mleta mada, hiyo "kila nyumba na kipande chake" ni nyumba zipi? Hapa ninapokaa tuko vyumba tisa, bomba moja, choo kimoja. Mwenye nyumba yuko Dar, tunaonana naye siku ya kodi. Kipande cha mtaro ni cha nani hapo? Chumba namba tatu wamehama juzi, namba saba wamekuja jana. Si mnasema wenyewe Tanga waja leo waondoka leo? Basi nani azibue?

Mleta mada, Ngamiani

Ule usemi maana yake wageni huja wakanogewa, wakashindwa kuondoka, ndugu yangu. Nawe nakuona uko mwaka wa ngapi vile?

Mpangaji, Makorora

Wa sita. Haya, umenipata. Lakini swali langu hujalijibu.

Mvuvi, Sahare

Mie sina maneno mengi. Nyie mnabishana nani afagie, sisi huku ndiko mwisho wa mitaro yenu. Wavu unapanda una chupa za maji na pampasi. Pampasi, jamani. Imejaa maji ni nzito, unadhani umepata samaki wa maana. Zamu hiyo ya kuzitoa tumepewa na nani, na kwa siku gani ya mwezi?

Niliyewahi kuishi Kigali

Nilikaa Kigali miaka miwili kikazi, na najua mtu atakuja na mfano wa Rwanda, bora nije nao mwenyewe. Umuganda, kazi yao ya pamoja, unafanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia umri wa miaka 18 hadi 65, upo kisheria tangu 2007, na asiyefika faini yake ni faranga 5,000. Asubuhi ile barabara tupu. Mji msafi, sikatai, unaweza kukaa chini ya mti kwa suruali nyeupe.

Ila kuna kitu wanaosifia huwa wanaruka. Kazi ikiisha watu hawatawanyiki. Wanakaa hapo hapo na matope yao, kiongozi anasimama, yanazungumzwa ya mtaa: daraja limekatika, mtoto wa fulani haendi shule, kuna mjane paa linavuja. Mara ya kwanza nilitaka kuondoka, jirani akanivuta shati. Nilijua majina ya majirani zangu kule kuliko ninavyoyajua ya hapa Usagara, na lugha yenyewe nilikuwa sijui.

Sisi tumeiga faini tukakiacha kikao.

Mstaafu, Chumbageni

Hilo la kikao liandikeni kwa wino.

Mama lishe, Makorora

Asalaam aleikum wanangu. Nimesoma yote kuanzia juu, nimeona mnanililia mimi na wenzangu wa mbaazi. Ahsanteni. Lakini hamkuniuliza, basi nijisemee.

Mie nataka faini ibaki.

Nina genge mwaka wa kumi na moja. Alfajiri kabla sijawasha jiko nafagia mbele yangu, namwagia maji vumbi lilale lisije kwenye chakula. Ufagio wa chelewa nanunua mwenyewe, hauishi miezi miwili. Hapo hajaja mtu wa kofia wala wa fimbo. Jirani yangu, jina namhifadhia, takataka zake huzisukuma usiku mpaka mbele ya genge langu. Nimemwambia kwa upole. Nimemwambia kwa mafumbo. Nimevaa mpaka kanga yenye maneno yake, nikapita nayo mara tatu mbele ya mlango wake, akanisifia rangi. Siku alipotozwa faini ndipo aliponisalimia na kuniuliza pipa liko wapi. Sasa hiyo aibu unayoitegemea, mwanangu wa Ngamiani, humshika mwenye haya. Asiye na haya mtamfanya nini?

Ninalolilalamikia ni saa. Saa moja asubuhi kwangu ndiyo siku nzima. Kama kweli mnataka nifunge, nifungeni saa kumi jioni: sufuria tupu, jua limepoa, watoto wametoka chuoni, na hao wanaume mliojifungia ndani na simu tutawaona kibarazani kwenye kahawa hawana pa kujificha.

Na jingine. "Kila nyumba ipewe kipande chake." Nyumba gani inashika jembe? Nyumba haina mikono, mwaya. Mikono ni yetu. Mama ndiye anayefagia, binti ndiye anayemwaga taka, na mkisema "kidogo kidogo siku unayoipenda" mmetuongezea kazi ya saba juu ya sita. Vijana sita waliozibua mtaro Mungu awalipe. Lakini mkigawa hivyo vipande, orodha iandikwe majina ya akina baba, na isomwe kwa sauti.

Dereva wa guta, Duga

Mama kamaliza. Kanga na bado akasifiwa rangi, nimecheka peke yangu kituoni.

Mhudumu wa afya, Mabawa

Mama, jioni saa kumi mimi nakuunga mkono, ingawa kuna anayeuma saa hizo. Aedes huuma sana asubuhi na kuelekea magharibi. Vaeni mikono mirefu.

Mleta mada, Ngamiani

Nimekaa na hili tangu jana usiku. Mama shikamoo. Nilikuwa nimeshika upande wako bila kukuuliza, na nimekuta upande wako si nilioushika mimi.

Natoa nilichokosea. Faini isife yote. Ibaki kwa anayemwaga taka kwenye mtaro au mbele ya mwenzake, hapo hatuna haja ya aibu wala mafumbo. Ila kumtoza mtu kwa sababu amefungua genge saa moja bado nakataa, maana huyo hajachafua kitu. Hayo ni makosa mawili tofauti, na stakabadhi inawachanganya mchafuzi na muuza mbaazi.

La mwezi nalo naliacha, hesabu ya vifuu imenimaliza. Nimekwenda nyuma ya nyumba yetu kuhesabu. Kumi na saba, vitano vina maji, kimoja kina viluwiluwi wanacheza. Mke wangu alisimama mlangoni ananitazama ninavyosugua, hakusema kitu, akaenda kuniletea na ndoo ya maji ya bata niioshe pia. Nimeiosha.

Mpangaji, swali lako bado sina jibu zuri. Nafikiri kipande kihesabiwe kwa vyumba si kwa nyumba, na mwenye nyumba aliye Dar alipie toroli. Atakubali? Sijui, kodi anaifuata mwenyewe, siku hiyo hiyo aulizwe.

Lililobaki ndilo lililonileta. Tope tukishalitoa linakwenda wapi? Wiki kwa wiki, jioni saa kumi, kikao na mikono mirefu, vyote nakubali. Lakini likikaa pembeni siku tatu, mvuvi wa Sahare atalipokea tena.

Mvuvi, Sahare

Na pampasi zake.

Mama lishe, Makorora

Huku kwetu mtu akinunua mchanga wa kujengea hukosi guta. Mchanga na tope vinapishana nini? Kuna dereva hapo juu amecheka, mwulizeni.

Dereva wa guta, Duga

Nilijua nisingenyamaza tu nikapona. Guta ninalo, Jumamosi jioni huwa sina mzigo. Koleo nitabeba mbili. Mafuta anachangia nani?